Folda Zinazoaminika

Mwaka 1996 nilipoajiriwa kuwa mtunza takwimu katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ambacho jina lake halina haja hapa, nilikabidhiwa vitu vitatu: ufunguo wa chumba, kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na Shangazi. Huyu alikuwa karani mkuu wa mapokezi, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita hivyo. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na kila kilo ya kahawa iliyoingia ghalani ilipita kwanza kwenye kalamu yake kabla haijafika kwenye mashine yangu. Nilimwona kama mabaki ya zamani. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na cheti.

Watu wa rika langu watakumbuka kwamba kompyuta katika nchi yetu haikuingia kwa shangwe. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na miaka 9 baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini, baada ya kuona kwamba zile za hesabu za Hazina zimeleta vurugu kuliko nafuu. Marufuku yale yalipolegezwa, sisi tuliokuja baadaye tulifanya kana kwamba tunalipa deni. Kila ofisi ilitaka yake. Tukazipokea mashine pamoja na programu zake bila kuuliza maswali mengi, kama mtu mwenye njaa asivyouliza mpishi ni nani.

Programu tuliyoanza nayo ilikuwa dBASE, ambayo asili yake ni kazi ya Wayne Ratliff, fundi wa Marekani aliyeianza mwishoni mwa miaka ya sabini. Baadaye tukahamia Access ya Microsoft, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Wenye lugha yao wanaiita programu ya namna hii ya kutunza kanzidata. Sisi ofisini tulisema databezi tu. Uzuri wa Access ulikuwa kwamba mtu asiye mhandisi aliweza kuchora fomu, akaweka kitufe, na nyuma ya kitufe akaandika maagizo: hesabu kilo hizi, chapa stakabadhi ile, futa kile. Data na maagizo vilikaa pamoja ndani ya faili moja. Ukimpa mwenzako faili lako, umempa orodha ya wakulima na pia umempa mtumishi asiyeonekana, atakayefanya kazi uliyomwagiza pindi mlango ukifunguliwa.

Hapo ndipo mambo yote ninayotaka kuyasimulia yanapoanzia.

Virusi vya kompyuta tulivijua. Kile kilichoitwa Brain kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kikisafiri kwenye diski, na ndugu wawili waliokitengeneza waliweka humo majina yao na namba za simu, jambo ambalo mhalifu wa leo angelicheka. Lakini tuliamini kwamba kirusi hukaa kwenye programu au kwenye diski ya kuwashia, si kwenye barua. Barua ni maandishi, na maandishi hayamng'ati mtu. Mwaka 1995 imani hiyo ilivunjika. Kilitokea kirusi kilichopewa jina la Concept, kilichokaa ndani ya barua za Word, katika yale maagizo madogo tunayoita makro. Hakikuharibu kitu, kilionyesha tu kwamba jambo linawezekana. Hata diski iliyotoka Microsoft wenyewe ilisambazwa nacho kwa bahati mbaya. Mwaka 1996 zamu ikawa ya Excel, kwa kirusi kilichoitwa Laroux. Mwaka 1998 ikafika zamu ya Access.

Kisha ukaja Machi 1999. Barua ya Word iitwayo Melissa ilikuwa ikifunguliwa, inachukua anwani 50 za kwanza kwenye kitabu cha anwani cha mwenye mashine na kujituma kwao kwa jina lake. Maana yake ni kwamba haikuja kutoka kwa adui. Ilikuja kutoka kwa bosi, kwa shemeji, kwa mtu uliyesoma naye. Aliyeiandika, David L. Smith wa New Jersey, alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha miezi 20. Mwaka 2000, tarehe 4 Mei, ikatoka Manila ile barua ya mapenzi iliyoitwa ILOVEYOU. Haikuwa makro bali hati ndogo ya maagizo iliyoambatishwa, ila hila ilikuwa ile ile. Kijana aliyehusishwa nayo hakufungwa, kwa kuwa nchi yake wakati ule haikuwa na sheria ya kosa hilo.

Watengenezaji wakabanwa. Tarehe 15 Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake wote waraka kwamba tangu siku hiyo usalama uje kabla ya madoido mapya. Wengi waliudharau waraka ule. Mimi naona ulikuwa na matokeo, maana toleo la Access lililofuata, la 2003, lilianza kuuliza. Ulipofungua faili lenye makro lilisimama na kukuambia: faili hili linaweza kuwa na maagizo ya hatari, je, unataka kulifungua?

Swali hilo liligeuka kuwa mateso yangu. Shangazi, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amefunzwa kuingiza mapokezi mwenyewe, hakuwahi kulizoea. Kila asubuhi saa 2 alisimama mlangoni pangu miwani ikiwa mkononi.

"Baba, inaniuliza tena."

"Bonyeza ndiyo, Shangazi."

"Lakini inasema hatari."

"Ni faili langu mimi. Bonyeza tu ndiyo."

Alikwenda, akabonyeza. Kesho yake alirudi. Nilidhani hajui kusoma maelekezo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yeye peke yake katika jengo lile ndiye aliyekuwa akiyasoma.

Mwaka 2008 tulipata kompyuta mpya zenye Access ya 2007. Toleo hili lilibadili utaratibu wote. Halikuuliza tena kabla ya kufungua. Lilifungua faili kimya, lakini likafunga mikono ya kila agizo lililomo. Vitufe vilikuwepo, ukivibonyeza havifanyi kitu. Maswali ya kufuta na kubadili data yalikataa kwenda. Juu ya skrini ulionekana mstari mwembamba wa onyo, ambao watu 9 kati ya 10 hawakuuona. Wiki ya kwanza simu haikupumzika: programu imekufa, mashine mpya ni mbovu, turudishieni za zamani. Kumbe programu ilikuwa hai, ila imefungwa kamba.

Dawa yake iliitwa mahali pa kuaminika. Wazo lenyewe ni zuri na bado nalipenda. Badala ya kuuliza kila faili "wewe ni nani?", mashine inauliza "umelala wapi?". Unakwenda kwenye mipangilio ya usalama, unataja folda, na tangu hapo faili lolote lililomo folda hiyo linaaminiwa kikamilifu, maagizo yake yanakwenda bila swali wala onyo. Access yenyewe ilikuja na folda moja tu ya namna hiyo, ile ya wasaidizi wake wa ndani. Nyingine zote ulitakiwa uziongeze mwenyewe.

Lakini kuziongeza kulikuwa na masharti, na kwa fundi mmoja mwenye watumiaji 17 masharti yale yalikuwa kero. Idhini haikuwa ya mashine, ilikuwa ya mtu: makarani wawili wakipokezana kompyuta moja kila mmoja kwa jina lake la kuingilia, ulilazimika kuifanya mara mbili. Haikuhama toleo moja hadi jingine, kwa sababu iliandikwa kwenye rejesta ya Windows chini ya namba ya toleo: 12 kwa la 2007, kisha 14 kwa la 2010. (Namba 13 waliiruka, na husemwa ni kwa ajili ya nuksi. Hata mafundi wana mizimu yao.) Wale waliotumia Access ndogo ya bure, isiyo na zana za kuchorea, hawakuwa hata na mahali pa kubonyeza, ilibidi uandike ufunguo kwenye rejesta kwa mkono. Na folda iliyoko kwenye mtandao wa ofisi ilikataliwa kabisa, mpaka uweke alama kwenye kisanduku ambacho pembeni yake Microsoft wenyewe waliandika kwamba hawalipendekezi jambo hilo.

Faili letu lilikaa kwenye mtandao. Kwenye seva tulikuwa na folda moja kubwa ambayo kila mtu aliiona kwenye mashine yake kama diski ya herufi K. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: faili la data, faili la fomu na vitufe, barua za meneja, picha za mkutano mkuu, nyimbo za kwaya, na nakala za miaka yote iliyopita ambazo sikuwahi kuzipanga. Kila mfanyakazi aliweza kuandika humo. Nami, siku ya Ijumaa jioni, nimechoka, nikatengeneza kijifaili kidogo cha rejesta kilichosema mambo matatu: mtandao uaminiwe, diski K yote iaminiwe, na folda zote ndogo zilizomo ndani yake ziaminiwe. Nikapita meza kwa meza nikikibonyeza. Saa 11 nilikuwa nimemaliza. Jumatatu hakuna simu iliyolia, na Shangazi hakuja mlangoni pangu. Nilijisifu.

Sasa lazima niseme juu ya faili jingine. Miaka kadhaa kabla, nilikuwa nimeandika faili la kufunga msimu. Mwisho wa mwaka wa kahawa lilijumlisha kilo za kila mkulima, likaandika jumla hiyo kwenye safu ya msimu uliopita, kisha likafuta mapokezi yote ili msimu mpya uanze na ukurasa mweupe. Kwa kuwa nililitumia mimi tu, mara moja kwa mwaka, sikuliwekea kitufe. Niliweka maagizo yote kwenye makro ya AutoExec, ile ambayo hujiendesha yenyewe faili linapofunguliwa. Sikuliwekea hata swali la kuthibitisha, kwani ningejiuliza mwenyewe nini? Nililiita Msimu. Nakala yake moja ilibaki mahali fulani ndani ya diski K, ikiwa bado imeunganishwa na data hai.

Januari 2009 katikati ya mapokezi, njia ya mkato kwenye kompyuta ya Shangazi ilipotea. Badala ya kunisumbua, na mimi ndiye niliyemfundisha asinisumbue, alitafuta mwenyewe ndani ya diski K. Akakuta faili liitwalo Msimu. Akalifungua. Skrini ikapepesa, ikatulia, na faili likajifunga.

Chini ya Access ya 2003 lingemuuliza, naye angekuja mlangoni. Chini ya Access ya 2007 kama ilivyotoka kiwandani, faili lingefunguka likiwa limefungwa mikono na lisingefuta hata mstari mmoja. Lilifuta kwa sababu lililala ndani ya diski niliyoiapia kwamba kila kilichomo ni chema. Miaka yote ile nilikuwa nawaogopa vijana wa Manila na New Jersey. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na nguo hii niliishona mwenyewe.

Siku ya pili meneja aliomba orodha ya malipo ya awali. Majina ya wakulima yalikuwepo, mapokezi hayakuwepo. Katika chama cha ushirika hakuna tuhuma nyepesi ya namna hiyo. Msomaji anayezijua historia za vyama hivi, vilivyovunjwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, anajua kwamba mkulima wetu anafika kwenye mzani akiwa tayari na kumbukumbu ndefu ya kuibiwa. Kumbukumbu za kilo zikitoweka, kuna mtu amekula kilo. Shangazi, kwa kuwa ni mkweli, alisema mwenyewe kwamba alifungua faili na skrini ikapepesa. Hakuna aliyemwamini. Meneja alisema faili haliwezi kufuta vitu kwa kufunguliwa tu. Alinigeukia: "Au siyo, mtaalamu?"

Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilielewa pale aliposema neno "Msimu". Nikajibu kwamba nahitaji muda wa kuchunguza.

Nilichunguza siku 3. Hakukuwa na cha kuchunguza. Nilikaa na mlango umefungwa, nikafungua na kufunga faili lile kwenye mashine isiyounganishwa na mtandao, likafuta data ya majaribio kila mara kwa utiifu wa ajabu. Shangazi aliambiwa abaki nyumbani. Jioni ya siku ya pili nilimwona sokoni, akanisalimu kama kawaida na kuniuliza watoto hawajambo. Hakuniuliza kitu kingine.

Siku ya 4 nilikwenda kwa meneja, nikamweleza yote: diski K, kijifaili cha Ijumaa, AutoExec isiyo na swali. Hakufoka. Alisema, "Kwa hiyo mashine ilikuwa na kizuizi, ukakiondoa." Niliandika barua ya maelezo, na nakala yake bado ninayo. Nilikatwa sehemu ya mshahara wa mwezi mmoja, adhabu ambayo mpaka leo naiona ndogo.

Nakala yangu ya akiba ya mwisho ilikuwa na umri wa siku 11. Siku zile 11 hazikuwepo popote kwenye umeme. Zilikuwepo kwenye daftari la jalada gumu. Shangazi aliitwa arudi, akaketi kitako kando ya meza yangu kwa siku 2, akinisomea namba ya stakabadhi, jina, daraja, kilo, nami nikichapa. Alisoma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Nilipojaribu kuomba radhi alisema, "Andika, mwanangu, tutapoteza mstari." Malipo yalitoka kwa kuchelewa wiki moja, na hakuna mkulima aliyepunjwa kilo. Lakini Shangazi hakugusa tena kompyuta. Aliomba arudishiwe daftari tu, na akakaa nalo hadi alipostaafu mwaka 2012.

Nilichokifanya baada ya hapo kinaelezeka kwa haraka, maana mafundi wote hatimaye hufika huko huko. Niliondoa idhini ya diski K yote. Faili la data lilibaki kwenye seva. Faili la fomu na vitufe nikalipeleka kwenye kompyuta ya kila karani, nakala moja kwa kila mtu, ndani ya folda moja ambayo yeye anaweza kuisoma na kutumia programu iliyomo, lakini hawezi kutumbukiza faili jingine humo. Folda hiyo tu ndiyo niliyoiandikisha kuwa ya kuaminika, bila folda zake ndogo. Faili la kufunga msimu likahamia kwenye mashine yangu, na kabla ya kufuta chochote lilinitaka niandike kwa herufi jina la msimu ninaotaka kuufunga. Kazi iliyonichukua jioni moja kuiharibu ilinichukua wiki 5 kuitengeneza.

Dunia nayo iliendelea kuvutana na jambo hili. Toleo la 2010 lilileta utaratibu wa kukumbuka faili ulilokwisha kulikubali, ili lisikuulize tena. Wengi tulishangilia, kwa sababu zile zile zilizonifanya nishangilie Ijumaa ile. Mwezi Februari 2022 Microsoft walitangaza kwamba makro zilizomo ndani ya mafaili yaliyotoka kwenye intaneti zitazuiwa moja kwa moja, hata kitufe cha kuzikubali kisionekane. Mwezi Julai wakarudi nyuma baada ya malalamiko ya watumiaji, kisha ndani ya mwezi huo huo wakaendelea tena. Katika miezi ile, mafundi wengi walirudi kwenye dawa ya zamani, folda ya kuaminika, na naweza kukisia wangapi walikuwa wamechoka.

Nimestaafu sasa. Juzi kijana aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu. Wameletewa mashine mpya, alisema, na programu imekufa, vitufe havifanyi kitu. Nikacheka, nikamwambia haijafa. Akasema anajua, ameshapata ufumbuzi, anataka tu kuhakikisha kabla hajapita meza kwa meza: aiandikishe diski K.

"Nani anaweza kuandika humo ndani?" nikamuuliza.

"Wote, mzee. Ndiyo ya ofisi."

Nikamwambia asiguse kitu. Nikatafuta viatu.